Moyo ukikosa damu, neva zinafanya nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wakizungumzia mshtuko wa moyo hutaja mafuta, presha na mishipa kuziba. Neva hazitajwi, ilhali ndizo zinazoamua mgonjwa ahisi nini, mapigo yake yaende vipi, na mara nyingine kama atafika hospitali akiwa hai. Majibu haya yameandikwa kwa msomaji wa kawaida, hasa mwenye presha au kisukari, au anayeuguza mzazi mwenye magonjwa hayo.

Moyo umejaa damu muda wote. Unakosaje damu?

Damu iliyomo ndani ya vyumba vya moyo inapita njia tu. Msuli wenyewe unalishwa na mishipa iliyoutambaa kwa nje, yaani ateri za koronari, ambazo hata penye upana wake hazizidi milimita chache. Mafuta yakijijenga kwenye kuta zake, njia inakuwa nyembamba. Yakipasuka, damu inagandia palepale na njia inaziba. Hali hiyo ya msuli kupungukiwa damu ndiyo madaktari wanayoiita iskemia.

Shika mambo mawili hapa, maana majibu mengi ya mbele yanayategemea. Kwanza, hata ukiwa umekaa umetulia, msuli wa moyo hufyonza asilimia 70 hadi 75 ya oksijeni iliyomo kwenye damu inayoufikia, wakati mwili kwa wastani hutwaa robo tu. Kwa hiyo kazi ya moyo ikiongezeka, hauna pa kuchota zaidi isipokuwa damu yenyewe iongezeke. Pili, moyo wa kushoto hupata sehemu kubwa ya damu yake unapolegea. Unapojibana huiminya mishipa yake wenyewe. Mapigo yakienda mbio, muda wa kulegea unafupika, na chakula cha moyo kinapungua wakati uleule njaa inapozidi.

Moyo una neva gani?

Kuna kundi la simpathetiki, linalotoka kwenye uti wa mgongo usawa wa kifua, ambalo huharakisha mapigo na kuyatia nguvu. Kuna neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye shina la ubongo kupitia shingoni, ambayo huyapunguza. Wengi wanadhani neva hizi kazi yake ni kupeleka amri tu. Sivyo. Karibu nyuzi nane katika kila kumi za vagasi hupeleka habari juu kwenye ubongo, na neva za simpathetiki nazo zina nyuzi zake za kurudisha habari. Zaidi ya hapo, kwenye mafuta yaliyo nyuma ya moyo kuna vifundo vya seli za neva ambavyo ni vya moyo wenyewe, na hufanya maamuzi madogo madogo bila kuuliza ubongo.

Mshipa ukiziba, kinachotokea kwanza ni nini?

Maumivu? Hapana. Maumivu huja mwishoni, na hili ningependa kila mtu alijue.

Ndani ya sekunde chache msuli unaacha kutumia oksijeni na kuanza kuchoma sukari kwa njia ya dharura inayozalisha asidi. Kisha unashindwa kulegea vizuri. Kisha unashindwa kujibana vizuri, na hiyo haijapita hata dakika moja. Baadaye ndipo kipimo cha umeme wa moyo, ECG, kinapoanza kubadilika. Mgonjwa akishika kifua, hatua zote hizo zimeshapita.

Kinachoziamsha neva ni uchafu wa kikemikali unaobaki pale kwa sababu hakuna damu ya kuusafisha: asidi, potasiamu inayovuja kutoka kwenye seli, adenosini, bradikinini, na serotonini inayotolewa na chembe za kugandisha damu. Ncha za neva zilizo katikati ya nyuzi za msuli huunusa uchafu huo na kuanza kutuma habari. Msuli wenyewe huanza kufa kama dakika 20 hadi 40 baada ya mshipa kuziba kabisa, na uharibifu huendelea kutanuka kwa saa kadhaa. Ndiyo maana kila nusu saa ina thamani.

Kwa nini mkono wa kushoto unauma wakati ugonjwa uko moyoni?

Nyuzi za simpathetiki zinazobeba habari za moyo huingia kwenye uti wa mgongo kuanzia usawa wa chini ya shingo hadi katikati ya kifua. Sehemu hizohizo hupokea habari za ngozi na misuli ya kifua, bega na upande wa ndani wa mkono hadi kidole kidogo. Zote zinaangukia kwenye seli zilezile. Ubongo umezoea tangu utotoni kwamba habari za hapo hutoka kwenye mkono, maana mkono huungua, hujigonga na hukatwa, wakati moyo hunyamaza miaka na miaka. Basi unauhesabu uchungu huo kuwa wa mkono.

Habari nyingine hupanda na vagasi hadi shina la ubongo na juu ya shingo, jirani na neva za uso. Hivyo mtu anaweza kulalamika taya, meno ya chini au koo, akaenda kung'olewa jino zima. Mkono wa kulia nao huuma kwa baadhi ya watu, kwa hiyo usijipe moyo kwamba "ni wa kulia huu, si moyo".

Tazama pia anavyouonyesha mgonjwa. Mwenye maumivu ya msuli au mbavu huelekeza kidole: hapa. Mwenye iskemia mara nyingi hukunja ngumi na kuiweka katikati ya kifua, au hutandaza kiganja kizima na kusema panabana, pamejaa, pana uzito. Huwa hapaonyeshi kwa ncha ya kidole kwa sababu hapajui.

Mbona wengine wanasema ni gesi au vidonda vya tumbo?

Kwa sababu kweli wanahisi hivyo. Upande wa chini wa moyo, ule unaolalia kiwambo cha kupumulia, una nyuzi nyingi za vagasi, na vagasi hiyohiyo ndiyo inayohudumia tumbo. Damu ikikatika upande huo, mtu anapata kichefuchefu, anatapika, chembe ya moyo inamvuta, anabeua. Atakunywa magnesia, atatafuna tangawizi, atalala kidogo "iishe".

Kiungulia cha kawaida kina historia: kinakuja baada ya kula, ukiinama kinazidi, na umekuwa nacho siku nyingi. Kiungulia cha mara ya kwanza katika maisha ya mtu wa miaka 58 mwenye presha, kikiambatana na kijasho chembamba, hakitibiwi dukani.

Kijasho hicho kinatoka wapi?

Kwa simpathetiki. Habari kutoka moyoni hufika, mfumo mzima unaamshwa: tezi za jasho zinafunguliwa, mishipa ya ngozi inabanwa ili damu ibaki kwenye viungo muhimu, na tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini. Ukimshika mgonjwa paji la uso utakuta pamelowa na pa baridi, na uso umepauka (kwa mtu mweusi angalia midomo na viganja). Hofu ya kufa inayomjia ghafla ni sehemu ya picha hiyohiyo. Ndugu wakimwambia "acha woga" wanamwonea.

Kwa nini wengine mapigo yanapanda na wengine yanashuka?

Swali hili lilijibiwa Belfast, Ireland Kaskazini. Daktari Frank Pantridge na wenzake walikuwa wameanza kuwafuata wagonjwa majumbani kwa gari lililobeba mashine ya kugutua moyo kwa umeme, ambayo toleo lake la kwanza la mwaka 1965 lilitumia betri za gari. Kwa kuwa waliwafikia mapema, waliona mambo ambayo hospitali haiyaoni. Mwaka 1972 walieleza kwamba wengi wa waliofikiwa ndani ya nusu saa tangu dalili kuanza walikuwa na neva zilizovurugika. Walioathirika upande wa mbele wa moyo walielekea kwenye simpathetiki, mapigo mbio na presha juu. Walioathirika upande wa chini walielekea kwenye vagasi, mapigo taratibu na presha kushuka, wengine hadi kuzimia.

Kushuka huko kuna jina, refleksi ya Bezold-Jarisch, na kunaweza kuwa kinga: moyo unaotulizwa unatumia oksijeni kidogo. Lakini presha ikishuka kupita kiasi, damu inayokwenda kwenye koronari nayo inapungua. Na mara nyingi mshipa unaolisha upande wa chini ndio huohuo unaolisha chanzo cha umeme wa moyo, hivyo si vagasi peke yake ya kulaumiwa. Hospitalini hutolewa atropini, ambayo huizuia vagasi kwa muda, na mapigo mara nyingi hupanda.

Adrenalini si inausaidia moyo?

Hapa ndipo neva zinapokosea. Mfumo wa simpathetiki haukuumbwa kwa ajili ya mshipa wa koronari ulioziba. Uliumbwa kwa jeraha, kwa kukimbia, kwa damu kumwagika, na huko unaokoa. Ukipokea habari kwamba moyo una shida unafanya kilekile unachokijua: ongeza mapigo, ongeza nguvu, panda presha. Ni mwenye mkokoteni anayemchapa punda aliyeishiwa pumzi katikati ya kilima. Punda atajikaza hatua mbili tatu, kisha ataanguka.

Na mzunguko huu hauhitaji ubongo. Mwaka 1969 Alberto Malliani na wenzake nchini Italia walionyesha kwa paka kwamba kuziba koronari huamsha neva za simpathetiki za moyo hata uti wa mgongo ukiwa umetenganishwa na ubongo. Habari inaingia kwenye uti, amri inatoka hapohapo. Kwa hiyo kumtuliza mgonjwa kwa maneno ni jambo jema, na huzuia hofu isiongeze moto, lakini hakuwezi kuuzima wote.

Kuna tatizo jingine la chinichini. Iskemia ikidumu zaidi ya dakika kumi hivi, ncha za neva zilizo ndani ya eneo lisilo na damu nazo zinaishiwa nishati, na noradrenalini zilizoitunza, yaani kemikali ambayo simpathetiki huutumia moyo amri zake, inavuja yenyewe bila amri ya yeyote. Msuli uliochoka unalowa kemikali ya kuuchochea.

Je, hiyo ndiyo sababu ya watu kufa ghafla?

Ni sehemu kubwa ya sababu. Eneo lenye iskemia hupitisha umeme polepole, jirani yake hupitisha kwa kasi, na noradrenalini huchochea seli zifyatuke ovyo. Umeme unaanza kuzunguka bila mpangilio na moyo unatetemeka bila kusukuma damu. Mtu anaanguka, hapumui sawasawa, hana mapigo. Hapo dawa yake ni kukandamizwa kifua kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika na mashine ya kugutua moyo. Vifo vingi vya aina hii hutokea mapema, kabla mgonjwa hajafika hospitali.

Nina kisukari. Nimeambiwa naweza kupata mshtuko wa moyo bila kuumwa. Kweli?

Kweli, na usiichukulie kama habari njema. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu neva. Watu wanaujua uharibifu huo miguuni: nyayo zinawaka moto usiku, baadaye zinakufa ganzi, unachomwa na mwiba hujui. Neva za moyo nazo hupitia njia hiyohiyo. Vagasi, kwa urefu wake, huguswa mapema, na dalili mojawapo ni mapigo kukaa juu, 100 na kuendelea, hata ukiwa umelala tu. Nyuzi za kuleta habari zikifa, moyo unakosa damu na wewe unapiga soga. Utakachokiona ni kuishiwa pumzi kwenye ngazi ulizokuwa ukipanda bila taabu, uchovu usioeleweka, kutapika, au sukari kupanda ghafla bila sababu.

Unaweza kumwomba mhudumu wako vipimo viwili visivyohitaji mashine ya gharama. Cha kwanza: presha ipimwe umelala, kisha umesimama ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, neva zinazodhibiti mishipa huenda zina hitilafu, ingawa upungufu wa maji na baadhi ya dawa za presha huleta hali hiyo pia. Cha pili: vuta na kutoa pumzi ndefu mara 6 kwa dakika huku ECG ikichorwa. Mapigo ya mtu mwenye vagasi nzima hupanda akivuta na kushuka akitoa, kwa tofauti ya 15 au zaidi. Tofauti ikiwa chini ya 10 kuna kasoro, japo kwa wazee sana hupungua tu kwa umri. Kwenye kliniki nyingi za kisukari miguu inakaguliwa na macho yanaangaliwa, lakini kipimo hiki cha pumzi hakiulizwi. Kiulizie.

Kukosa maumivu si kwa wenye kisukari tu. Utafiti wa muda mrefu wa mji wa Framingham, Marekani, ulikuta kwamba takriban robo ya mashtuko ya moyo yaligunduliwa baadaye tu, kwenye ECG ya kawaida.

Dalili za wanawake ni tofauti?

Kifua kubana bado ndiyo dalili ya kwanza kwa wote. Wanawake huongezewa zaidi kuishiwa pumzi, kichefuchefu, maumivu ya mgongo katikati ya mabega na uchovu mkali, na kwa kuwa dalili hizo zina maelezo mengine mengi, wanacheleweshwa. Mara nyingi wanaambiwa ni mawazo.

Habari mbaya au hasira inaweza kuua kweli?

Kwa mtu ambaye mishipa yake tayari ina ugonjwa, ndiyo. Tarehe 17 Januari 1994, saa kumi na dakika 31 alfajiri, tetemeko la Northridge lilipiga Los Angeles. Wiki iliyotangulia, vifo vya ghafla vinavyohusiana na mishipa ya moyo katika eneo hilo vilikuwa wastani wa 4.6 kwa siku. Siku ile vilikuwa 24. Wengi wao hawakuangukiwa na kitu.

Kuna pia hali iliyoelezwa Japani mwaka 1990, takotsubo, ambamo huzuni au mshtuko mkubwa hudhoofisha ncha ya moyo ingawa koronari hazijaziba. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na wengi hupona baada ya wiki chache. Msibani, mama akishika kifua, msikimbilie kusema ni majonzi tu. Apimwe ECG. Takotsubo na mshipa ulioziba havitofautishwi kwa kumtazama mtu.

Kwa nini mashtuko mengi huja asubuhi?

Kuamka na kusimama huchochea simpathetiki, presha hupanda, na chembe za kugandisha damu huwa tayari zaidi kunata. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1985 ulionyesha kilele kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa sita mchana.

Dawa zipi hufanya kazi kwenye neva?

Maarufu ni beta bloka: propranolol, atenolol, bisoprolol, carvedilol. Mwanasayansi wa Uskoti James Black alizianzisha miaka ya 1960 akiwa na wazo ambalo wakati ule lilikuwa geni: badala ya kuhangaika kuongeza damu inayofika kwenye moyo, kwa nini tusipunguze oksijeni unayoihitaji? Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1988. Dawa hizi huzuia noradrenalini isiushike moyo, mapigo yanatulia, muda wa kulegea unarefuka.

Siku hizi hazipewi kila mtu. Utafiti uliofanyika zaidi Sweden na kutangazwa mwaka 2024 haukuona faida kwa waliopata mshtuko ambao nguvu ya moyo wao imebaki ya kawaida. Mwenye pumu au mapigo ya chini sana lazima amwambie daktari. Na ukishazizoea usiziache ghafla kwa sababu zimeisha nyumbani. Simpathetiki iliyokuwa imezuiwa hurudi kwa kishindo, na maumivu ya kifua yanaweza kuzidi yalivyokuwa mwanzo.

Neva zenyewe haziwezi kukatwa?

Zimekatwa. Mwaka 1916 Thomas Jonnesco wa Bucharest alimwondolea mgonjwa wa maumivu ya kifua vifundo vya simpathetiki vya shingoni upande wa kushoto, na maumivu yakaisha. Wapinzani walihoji kama ni busara kuondoa onyo na kuacha ugonjwa. Leo vifundo hivyo hutiwa ganzi kwa sindano, au hukatwa kwa upasuaji mdogo, kwa wagonjwa wachache ambao umeme wa moyo wao unavurugika mara kwa mara bila kusikia dawa.

Nimetumiwa WhatsApp kwamba nikohoe kwa nguvu. Inasaidia?

Futa ujumbe huo. Kukohoa hutumika kwa sekunde chache kwenye chumba maalumu cha hospitali, mgonjwa akiwa ameunganishwa na mashine na daktari yuko kichwani kwake. Nyumbani kunapoteza muda.

Nifanye nini basi?

Kaa chini, usitembee. Tafuna aspirini ya miligramu 300 kama huna mzio nayo na huna kidonda kinachovuja damu. Pelekwa kwa gari hospitali yenye ECG, na usiendeshe mwenyewe. Zahanati isiyo na kipimo hicho itakupotezea saa. Ukifika, sema wazi "nahisi ni moyo", maana ECG inatakiwa ichorwe ndani ya dakika 10. Kama umetumia Viagra au dawa nyingine za nguvu za kiume siku hizo mbili, zikiwemo za mitaani, sema bila aibu: zikikutana na dawa ya maumivu ya kifua inayowekwa chini ya ulimi (nitrogliserini), presha inaweza kuporomoka.

Moyo uliopandikizwa nao huuma?

Kwa kawaida hauumi. Tangu Christiaan Barnard alipopandikiza wa kwanza Cape Town mwezi Desemba 1967, imekuwa hivyo: mpasuaji huunganisha mishipa ya damu, neva hubaki zimekatwa. Bila vagasi moyo huo hupiga 90 hadi 110 hata mtu akiwa amelala, na ukikimbia hupanda polepole ukisubiri adrenalini iletwe na damu. Baadhi ya nyuzi za simpathetiki huota tena baada ya miaka, na hapo wachache huanza kuhisi maumivu. Wengine wote hupimwa koronari kila mara, kwa sababu mshipa wao ukiziba hawatahisi chochote.